Sukari Zisizo Tamu, na Rekodi Zinazoshikilia

Ukitaja sukari hapa Giakanja, Tetu, kaunti ya Nyeri, watu hufikiria kliniki. Mmoja atakwambia mama yake hupimwa kila mwezi, mwingine atataja jirani aliyekatwa mguu. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2018 serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia mpango wa afya kwa wote, Nyeri iliingia pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, na sababu ya kuichagua ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele.

Lakini glukosi inayopimwa kwa tone la damu kidoleni ni mmoja tu wa wadogo katika ukoo wake. Kuna sukari changamano, ambazo wanasayansi huziita glaikani: glukosi na jamaa zake zikiunganishwa mojamoja kama shanga kwenye uzi, tena uzi wenyewe mara nyingine ukiwa na matawi. Nyingi hazina utamu wowote. Zimeifunika kila seli ya mwili wako, ziko kwenye damu, kwenye maziwa ya mama, kwenye gamba la vijidudu vinavyotuua na ndani ya chanjo zinazotuokoa. Naamini tumezinyima haki yake kwa kuijua sukari kwa ubaya tu, kwa hiyo nimekusanya hapa zile zinazoshikilia rekodi, nikianzia Tetu.

Iliyo nyingi kuliko zote

Hakuna kampaundi ya kikaboni iliyo nyingi duniani kuliko selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838. Ndiyo inayosimamisha miti ya msitu wa Aberdare, mabua ya mahindi na nepia inayokatiwa ng'ombe wa Giakanja kila asubuhi. Imejengwa kwa glukosi tupu, ileile iliyomo kwenye wanga wa nduma. Kinachozitofautisha ni jinsi glukosi moja inavyoshikana na ya pili. Kwenye nduma kiungo kimeelekea upande ambao vimeng'enya vya mate na kongosho vinaweza kukikata. Kwenye selulosi kimegeuzwa, na binadamu hana cha kukikatia. Hata ng'ombe mwenyewe hana. Bakteria walio tumboni mwake ndio wanaomfanyia kazi hiyo, na nyasi ikawa maziwa.

Selulosi ina jamaa aitwaye pektini, na Tetu ya chini, ile ya kahawa, inamfahamu vizuri kwa mikono. Kahawa ikishafika kiwandani na mashine ikaondoa ganda jekundu, punje hubaki na ute. Zichote kiganjani uone zinavyoponyoka. Sehemu kubwa ya ute huo ni maji, na kinachoushikilia usimwagike ni minyororo ya pektini. Punje hulazwa tangini usiku kucha au zaidi, vijidudu na vimeng'enya vikaikata minyororo hiyo vipande vipande. Mfanyakazi anayejua kazi haangalii saa. Huingiza mkono tangini, husugua punje, na zikianza kukwaruza mfano wa changarawe badala ya kuteleza, huagiza zioshwe. Ukaguzi ule ni kipimo cha kemia ya sukari changamano, na hufanywa kila msimu na watu ambao hakuna aliyewahi kuwapa sifa ya kemia.

Ndani yetu pektini na selulosi, ambazo ni nyuzinyuzi za chakula, hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Pektini hufanya chakula kiwe kizito kidogo, glukosi ikaingia kwenye damu polepole. Halafu utumbo mpana huipokea, bakteria wakaichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Aliyeuamsha ulimwengu kuhusu jambo hili alijifunzia Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, na jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa watu wa vijijini Uganda. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda, walitoa kitabu mwaka 1975 wakieleza kwamba chakula kilichokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi kina mchango katika magonjwa hayo, kisukari kikiwemo. Sahani ya kinyume chake ni githeri: mahindi yenye maganda yake, maharagwe yenye ngozi yake. Leo nyumba nyingi za Nyeri hupika githeri mara chache kuliko zinavyonunua mkate mweupe. Sioni jambo linalosikitisha kama hili katika habari yote ya sukari, maana dawa tulikuwa nayo chunguni.

Maharagwe na njahi zina sukari nyingine ndogo kidogo, rafinosi na stakiosi, ambazo nazo hatuwezi kuzikata. Ndizo zinazoleta gesi. Kulowesha usiku kucha na kumwaga yale maji huzipunguza.

Iliyofungashwa kwa ustadi kuliko zote

Mwili una wanga wake, glaikojeni, aliyoigundua Claude Bernard huko Ufaransa katika miaka ya 1850 akichunguza ini. Chembe moja inaweza kubeba glukosi zipatazo 55,000, zikiwa zimepangwa kwa matawi juu ya matawi ili vimeng'enya vizing'oe kutoka ncha nyingi kwa wakati mmoja. Ini la mtu mzima huweka takriban gramu 100, na misuli gramu 400 hivi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mbio za marathoni. Akiba hutosha mwendo wa kasi kwa kilomita thelathini na kitu, baadaye miguu hukataa. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga hapa Nyeri, aliijua hesabu hiyo kwa mwili wake. Tarehe 7 Oktoba 2001 huko Chicago alikimbia kwa saa 2:18:47, rekodi mpya ya dunia, akivunja ile ya Naoko Takahashi iliyokuwa na wiki moja tu. Alishinda Boston mara nne, ubingwa wa dunia mara mbili, na medali mbili za fedha za Olimpiki. Watafiti wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walikuwa wameonyesha katika miaka ya 1960, kwa kuchukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano, kwamba msuli uliofanyishwa kazi kisha ukalishwa wanga hujaza glaikojeni kupita kiwango chake cha kawaida. Mkimbiaji anayekula ugali na viazi siku chache kabla ya mashindano anafuata ushahidi wa sindano ile.

Iliyo ndefu kuliko zote mwilini

Kwa urefu, bingwa ni hailuronani. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934, jijini New York. Ni sukari mbili zinazopokezana, moja baada ya nyingine, hadi mara 25,000 katika mnyororo mmoja usio na tawi. Huvuta maji mengi sana, ndiyo maana hulainisha magoti na kuijaza ngozi. Tukizeeka hupungua na kukatikakatika.

Ila rekodi ya hailuronani haishikiliwi na binadamu. Ukitoka Nyeri ukauzunguka Mlima Kenya hadi Mbuga ya Taifa ya Meru, chini ya udongo mgumu na mkavu kule anaishi fuko asiye na manyoya, mnyama wa gramu 30 na kitu, mwenye ngozi ya kukunjamana na meno yaliyotokeza nje ya midomo. Anapatikana Kenya, Ethiopia na Somalia. Huishi kwa makundi yenye malkia mmoja anayezaa, kama nyuki. Jennifer Jarvis ndiye aliyeuonyesha ulimwengu jambo hilo mwaka 1981. Panya wa ukubwa huohuo huishi miaka miwili au mitatu. Fuko huyu hupita miaka 30, na saratani kwake ni nadra mno.

Mwaka 2013 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza sababu mojawapo. Chupa walizokuzia seli za fuko zilikuwa zikijaa ute mzito, na ute ule ulikuwa hailuronani yenye molekuli kubwa zaidi ya mara tano kuliko ya binadamu au panya. Inaelekea fuko aliipata ili ngozi yake inyumbuke mashimoni. Lakini ute huohuo unazitahadharisha seli zikisongamana, zikaacha kugawanyika mapema. Watafiti walipouondoa, seli zilikubali kugeuzwa saratani. Mwaka 2023 kundi hilohilo lilitangaza kwamba limempa panya jeni ya fuko inayotengeneza hailuronani hiyo. Panya wale walipata uvimbe mchache zaidi, na umri wao wa kati ukaongezeka kwa asilimia 4.4. Ni nyongeza ndogo, lakini inaonyesha kwamba siri ya maisha marefu ya mnyama mmoja inaweza kuhamishiwa kwa mwingine. Nashangaa kwamba watoto wetu hupelekwa Meru kutazama simba na kurudi bila mtu kuwaeleza walichokuwa wamekikanyaga.

Yenye chaji kali kuliko zote

Katika molekuli kubwa za viumbe, hakuna iliyosheheni chaji hasi kama hepari. Jay McLean, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari Baltimore, aliikuta mwaka 1916 akitafuta kitu kinachogandisha damu, naye akapata kinyume chake. Leo mgonjwa wa figo akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu, hepari ndiyo inayozuia damu isigande kwenye mirija. Sehemu kubwa hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Mwaka 2008 hepari iliyochanganywa na sukari nyingine ya bei rahisi, iliyobadilishwa ili ipite vipimo, iliua watu kadhaa Marekani, na tangu hapo vipimo vyake vikakazwa. Molekuli hizi hufanana mno, na walaghai nao wanajua.

Zilizogawa binadamu kuliko zote

Kundi lako la damu ni sukari. Karl Landsteiner aliyatambua makundi hayo Vienna mwaka 1901, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kwenye chembe nyekundu kuna mnyororo mfupi. Ukiongezewa sukari ya aina moja mwishoni, wewe ni A. Ukiongezewa jamaa yake wa karibu, wewe ni B. Usipoongezewa kitu, wewe ni O, na karibu nusu ya Wakenya ni O. Tofauti ya A na B ni atomu chache tu, lakini ukimwekea mtu damu isiyo yake, atomu hizo zinaweza kumuua kabla ya jua kutua. Walio adimu sana ni wale ambao mnyororo wao umekosa hata sukari ya msingi ambayo A na B hujengwa juu yake. Waligunduliwa Mumbai mwaka 1952, na hawawezi kupokea damu ila ya wenzao.

O wamekuwa wengi Afrika, na malaria ina mkono wake hapo. Chembe zilizoambukizwa hujibandika kwenye chembe nzima kwa kushika sukari za A au B, zikafanya mafungu yanayoziba mishipa midogo. Kwa O hushika vibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watoto wa Mali ulionyesha kwamba wenye O walikuwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na kazi iliyofanywa Kilifi imethibitisha mwelekeo huo kwa watoto wa pwani yetu. Kipindupindu hufanya kinyume: wenye O huugua vikali zaidi.

Iliyookoa watoto wengi

Rekodi hii ingetosha makala nzima.

Bakteria mkuu wa nimonia, pneumokoka, hujivika koti la sukari. Makoti yake yamehesabiwa kupita aina 100, na kila moja ni mpangilio wake wa minyororo. Koti hilo huteleza mbele ya seli zetu za ulinzi. Michael Heidelberger na Oswald Avery waligundua mwaka 1923, New York, kwamba limetengenezwa kwa sukari, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini ni protini pekee zinazoamsha kinga.

Tatizo ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili hafunzwi na sukari tupu. Kinga yake huiona na kuisahau. Avery na Walther Goebel walionyesha mwaka 1929 kwamba ukiifunga sukari hiyo kwa protini, kinga huishika na kuikumbuka. Wazo likakaa kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupata chanjo: mwaka 1987 ilitoka ya kwanza, dhidi ya Hib, bakteria wa homa ya uti wa mgongo.

Kenya iliingiza chanjo ya Hib mwaka 2001. Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia kila mtoto anayelazwa hospitalini, ugonjwa mkali wa Hib kwa walio chini ya miaka mitano ulikuwa 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kufikia 2005 ulikuwa umeshuka hadi 7.6. Mwaka 2011, Mwai Kibaki wa Othaya akiwa rais, ikaja ya pneumokoka, yenye makoti kumi. Matokeo ya Kilifi yalichapishwa mwaka 2019: maambukizi mazito ya aina zilizomo kwenye chanjo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata watu wazima wasiochanjwa walipungukiwa na ugonjwa, kwa kuwa watoto hawakuwa wakibeba tena bakteria hao puani kwa wingi. Julai 2025 nchi ikaanza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, na chanjo hiyo nayo ni koti la sukari lililofungwa kwa protini.

Mama anayepanga foleni zahanati na kijitabu cha kliniki mkononi huambiwa ni "sindano ya nimonia". Ningependa aambiwe ndani mna nini, kwa sababu mtu hukitetea anachokielewa, na siku ya uvumi dhidi ya chanjo itafika.

Yenye hila kuliko zote

Ni ile inayovaliwa na virusi vya UKIMWI. Protini yao ya nje, gp120, karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na sukari hizo si zao. Huzichukua kwenye seli yetu wanamozaliana, kwa hiyo kingamwili zinapotazama zinaona kitu cha nyumbani. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya chanjo iwe ngumu hivi, tangu majaribio ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2001 hadi leo.

Zilizopotea zamani

Binadamu hukosa sukari mbili ambazo karibu mamalia wote wanazo. Ya kwanza, alfa-gal, iliwapotea mababu wa nyani wa Afrika na Asia zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na takriban asilimia moja ya kingamwili zetu zote hulenga hiyo tu. Daktari akikupandikizia moyo wa nguruwe, kingamwili hizo huuharibu kwa dakika chache. Moyo aliowekewa David Bennett huko Maryland tarehe 7 Januari 2022 ulitoka kwa nguruwe aliyebadilishwa jeni kumi, tatu kati yake zikiwa za kuzima sukari za namna hii. Aliishi nao miezi miwili.

Ya pili ni Neu5Gc, ambayo ukoo wetu uliipoteza miaka kati ya milioni 2 na 3 iliyopita. Sokwe bado anayo. Imo pia kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na tukila, kiasi kidogo hujipenyeza katika seli zetu huku kinga ikiikataa. Kundi la Ajit Varki wa California lilionyesha mwaka 2015 kwamba panya waliokosa sukari hii kama sisi, wakilishwa na kupewa kingamwili dhidi yake, walipata saratani ya ini kwa wingi. Panya si mtu, na nyama choma haijahukumiwa kwa hilo. Lakini ni dalili inayofaa kufuatiliwa katika mji ambao sherehe bila mbuzi haihesabiwi.

Ya kwanza kwangu mimi

Mwanamke akijifungua Tetu, hupikiwa njahi. Wazee hawana wasiwasi kuhusu hilo: njahi huleta maziwa. Na ndani ya maziwa ya binadamu zimetambuliwa sukari changamano za aina zaidi ya 150, wingi usiofikiwa na ng'ombe wala mnyama yeyote wa kufugwa. Titi huzijenga lenyewe, moja moja, kwa kuanzia na laktosi. Katika maziwa ya siku za mwanzo, yale ya njano, hufika gramu 20 au zaidi kwa lita. Baadaye hushuka, lakini hubaki katika nafasi ya tatu baada ya laktosi na mafuta.

Mtoto hawezi kuzimeng'enya. Jambo hilo liliwatatiza watafiti kwa miaka: kwa nini mama aliyechoka atumie nguvu kutengeneza kitu ambacho mwanawe hakimfai kama chakula? Jibu ni kwamba mlaji si mtoto. Ni bakteria wa jamii ya Bifidobacterium walio utumboni mwake, ambao huzila, huongezeka na kutia asidi inayowafukuza wabaya. Sukari nyingine hufanana na zile ambazo vijidudu vya kuhara hushikilia kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo vijidudu hushika hizo na kutoka nazo kwenye nepi. Ndani ya maziwa mnakuwa na chakula, mbolea na mtego kwa pamoja.

Watafiti wamejifunza kutoka hapo. Kwale, watoto waliokuwa wakipewa unga wenye madini ya chuma kuzuia upungufu wa damu walipata shida, kwa sababu chuma kinachobaki utumboni huwanenepesha bakteria wabaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa kundi la Michael Zimmermann wa Zurich pamoja na Wakenya, uliongeza kwenye unga huo sukari changamano zinazotengenezwa kwa laktosi. Madhara hayo yalipungua sana, na bakteria wazuri wakadumu.

Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya, kwa ajili ya watoto njiti ambao mama zao hawana maziwa au wamefariki. Maziwa yaliyotolewa hupashwa moto ili kuua vijidudu. Joto hilo huharibu baadhi ya seli na protini za kinga, lakini sukari changamano hustahimili karibu zote. Makampuni ya maziwa ya kopo nayo yameanza kuongeza sukari hizi zilizotengenezwa kiwandani, na yamefikia aina chache, za mwanzo zikiwa zile zilizo rahisi kutengeneza. Titi la mama wa Giakanja, aliyekula njahi na uji, linatengeneza aina nyingi zaidi ya hizo kila siku.